Bahari ya Kigombe na Wavuvi wa Baruti

Kigombe ni mji wa wavuvi ulioko pwani, kati ya Tanga na Pangani, umbali wa kama maili 20 kusini ya Tanga. Kwa muda wa zaidi ya miaka 50, jina lake na majina ya miji mingine ya pwani hii yamekuwa yakitajwa pamoja na uhalifu mmoja, nao ni kuvua kwa baruti. Watu wa bara wakisikia habari hizo hutikisa vichwa na kusema, "Watu wa pwani ndivyo walivyo." Neno hilo twaliona kuwa si la haki, tena si la kweli. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi uhalifu huo ulivyoingia, ulivyokaa, na ulivyopungua, ili waone wenyewe kama chanzo chake ni tabia ya watu, au kama mahali penyewe nako kuna sehemu yake katika kosa.

Kwanza na tutazame mahali hapo. Mtu asimamaye pwani ya Kigombe, uso wake ukielekea mashariki, aona mbele yake maji ya kina kidogo, na mbali zaidi mistari myeupe ya mawimbi yavunjikayo juu ya miamba. Miamba hiyo ni matumbawe, kazi ya viumbe wadogo waliojenga kwa maelfu ya miaka, na katika mapango yake hukaa changu, tasi, chewa na pono. Wageni waliijua miamba ya pwani hii kwa hasara. Merikebu moja ya Vasco da Gama, iitwayo São Rafael, ilipanda mwamba huku mwezi wa Aprili 1498, ikaokolewa na maji yalipojaa. Januari 1499 Wareno walipokuwa wakirudi kutoka Uhindi, wenzao wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, hata mabaharia waliosalia hawakutosha merikebu tatu. Basi wakaichoma moto São Rafael papo hapo. Imeandikwa kwamba watu wa Mtang'ata waliwaendea wakati huo wakawauzia kuku. Mtang'ata ndio mji wa kale ambao magofu ya msikiti wake na makaburi yake yenye nguzo yaonekana hata leo Tongoni, kaskazini ya Kigombe. Twalitaja jambo hili kwa sababu jina la Mtang'ata litarudi mbele, katika habari nyingine kabisa.

Mtu huyo akigeuka akatazama magharibi, hukutana na nchi ya mkonge. Mmea huu si wa kwetu. Ulileltwa mwaka 1893 na Mdachi mmoja, Dakta Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo 62 mkonge ukaenea, ukashika ardhi kubwa ya pwani na ya bonde la Pangani, na Kigombe nako kukawa na shamba lake kubwa. Kwa hiyo mji ukawa kama mtu aliyekaa juu ya mkeka mwembamba, bahari upande huu na mkonge upande huu. Muda wote mkonge ulipokuwa na bei, haikuwa shida. Lakini baada ya mwaka 1964 bei ilianguka, kwa kuwa kamba zilianza kutengenezwa viwandani kwa nyuzi zisizotoka katika mmea. Kazi mashambani ikapungua mwaka hata mwaka. Na mtu wa pwani asiye na shamba wala ajira, mlango uliobaki wazi kwake ni bahari.

Ni katika miaka hiyo ya 1960 kuvua kwa baruti kulipoanza kuonekana katika pwani ya Tanganyika. Baruti yenyewe ilikuwa ile ya kupasulia mawe, yenye kutumika migodini, katika machimbo ya mawe na katika kazi za barabara. Haikutengenezwa kwa ajili ya samaki. Ilivuja kutoka mikononi mwa watu walioaminiwa kuitunza, ikapita kwa mtu wa pili na wa tatu, hata ikafika chomboni. Miaka ya baadaye watu walijifunza kuunda milipuko kwa vitu vinavyouzwa dukani kwa kazi za halali, na hapo ugumu wa kuizuia ukazidi.

Kazi ya baruti ni ya dakika chache. Mabaharia hutafuta kundi la samaki juu ya mwamba, wakatupa, wakangoja, kisha wapiga mbizi hushuka kuokota. Samaki wengi huwa na kibofu cha hewa ndani ya mwili, kimsaidiacho kuelea. Mshindo hukipasua kibofu hicho, na samaki hufa bila jeraha la nje. Wengine huelea, lakini wengi huzama chini wasipate kuokotwa, wakaoza. Pamoja na wakubwa hufa wachanga na mayai na dagaa wasio na faida kwa mtu yeyote. Na mwamba nao huvunjika. Mvuvi wa dema, au wa mshipi, huuacha mwamba kama alivyoukuta. Mvuvi wa baruti huacha kifusi. Kifusi hicho husukumwa huku na huku na mawimbi, na matumbawe machanga hayawezi kushika juu ya kitu kisichotulia, kwa hiyo mahali palipopigwa mara nyingi hukaa miaka makumi bila kupona. Wako wavuvi walioacha vidole au mkono mzima katika kazi hii, na wako waliokufa, maana utambi haujui urafiki.

Serikali iliikataza njia hii kwa sheria ya mwaka 1970. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaongeza uzito wa adhabu, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa mwenye kuvua kwa baruti. Basi hapana awezaye kusema kwamba watu hawakujua kuwa ni kosa. Walijua. Kwa nini basi liliendelea?

Hapa ndipo twaomba msomaji afuatane nasi polepole. Kosa la baruti lina jambo moja la ajabu lisilopatikana katika makosa mengine. Mwivi hujificha asisikiwe. Mpiga baruti hujitangaza. Mshindo wake husikika mji mzima, mchana kweupe. Mwanamke aliye jikoni ausikia, mzee aliye barazani ausikia, watoto darasani wausikia, na mwenyekiti wa kijiji ausikia vilevile. Hata hivyo hapana aliyeona. Kati ya pwani na mwamba mna maji ya maili kadha, na kabla mtu hajatweka tanga kwenda kutazama, chombo cha wahalifu kimekwisha kuzunguka kisiwa au kuingia katika kijito cha mikoko. Waliosikia ni mia. Shahidi wa kuitwa barazani hapana. Ndivyo mahali palivyomsaidia mhalifu, akapata kuwa hadharani na mafichoni kwa wakati mmoja.

Tena nyamaza ya watu ilikuwa na sababu zake. Mabaharia wa chombo ni watoto wa mji, na katika mji wa ukoo mdogo kila baharia ni mpwa wa mtu au shemeji ya mtu. Mahakama iko mbali. Mtuhumiwa aliyekamatwa leo aliweza kutozwa faini ndogo, akarudi nyumbani kabla ya mwezi kuandama, akakutana njiani na yule aliyemtaja. Na mtu ambaye nyumba yake ni ya makuti hufikiri mara mbili kabla ya kujifanyia adui. Sisi tulio mbali ni wepesi kumwita mtu wa namna hii mwoga. Twadhani ingefaa kwanza tujiulize ni nani kati yetu aliyemtaja jirani yake akatae magogo katika msitu wa serikali.

Na sababu nyingine ni soko. Barabara ya kutoka Pangani kwenda Tanga yapita karibu, na samaki atokaye majini asubuhi huweza kukaangwa Muheza jioni. Samaki wa baruti hujulikana na ajuaye samaki: nyama yake hulegea upesi, na mifupa hutengana na nyama kabla ya kupikwa. Wachuuzi wajua. Lakini mnunuzi wa bara, ambaye hutazama bei tu, hakuuliza, na bila mnunuzi huyo hapana mtu angetia utambi moto. Wasomaji wetu wengi ni watu wa bara.

Wasomi wa nchi nyingine wamelichunguza jambo hili la mahali na uhalifu kwa muda mrefu. Katika mwaka 1942 wataalamu wawili wa Chicago, huko Marekani, Clifford Shaw na Henry McKay, walitoa kitabu juu ya makosa ya vijana mjini mwao. Waliona jambo lililowashangaza wengi. Zilikuwapo mitaa ambayo makosa yalikuwa mengi miaka nenda miaka rudi, ingawa wakazi wake walibadilika: walikaa watu wa taifa moja, wakahama, wakaja wa taifa jingine, wakahama nao, na mtaa ukabaki na makosa yale yale. Waliohama wakaenda kukaa mitaa mizuri, watoto wao wakatulia. Basi haikuwezekana kusema kwamba uhalifu ulikuwa katika damu ya taifa fulani. Baadaye, mwaka 1979, Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika kwamba ili kosa litendeke, sharti mambo matatu yakutane mahali pamoja na wakati mmoja: mtu aliye tayari kukosa, kitu cha kutamanika, na kutokuwapo kwa mlinzi. Kimoja kikikosekana, kosa halitendeki siku hiyo.

Msomaji Mkristo huenda akasema kwamba wataalamu hawa wamesahau moyo wa mtu, ambao ndimo dhambi itokamo. Hatudhani hivyo. Hata katika Kitabu cha Mwanzo, Kaini hakumpiga nduguye nyumbani mbele ya baba na mama. Walikuwa wawili, uwandani. Chuki ilikuwa moyoni tangu siku ya sadaka, lakini ilingoja mahali pasipo mtu. Na mvuvi wa baruti naye huwajibika kwa Mungu na kwa serikali, kwa kuwa wako wenzake wengi wa mji ule ule na njaa ile ile waliobaki na mishipi na madema yao. Tusemalo ni kwamba wahubiri na mahakimu wameshughulika na mtu kwa muda mrefu, wakauacha uwanda kama ulivyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko karibu nasi, upande wa kaskazini. Mpaka kati ya Tanganyika na Kenya uliamuliwa na Waingereza na Wadachi mwaka 1886, nao ulianza pwani penye mlango wa mto Umba. Haukutenga watu wa namna mbili. Wadigo wako huku na huku, Waislamu huku na huku, wavuvi wa dema na jarife huku na huku, na pepo za kusi na kaskazi huwavumia wote sawasawa. Lakini katika miaka ambayo pwani ya Tanga ilikuwa ikitikiswa kwa milipuko, upande wa Kenya baruti karibu haikusikika. Kama kosa lingetoka katika tabia ya watu wa pwani, lingevuka mpaka kama samaki wavukavyo. Kilichobadilika penye mpaka ni ulinzi, na ugumu au wepesi wa kuipata baruti yenyewe.

Katika mwaka 1994 kazi mpya ilianza mkoani Tanga, kwa msaada wa serikali ya Ireland na wa shirika la uhifadhi la dunia, IUCN. Kigombe na Kipumbwi, iliyo kusini ya Pangani, vilikuwa vijiji vya kwanza kujaribiwa. Wavuvi wenyewe waliulizwa ni nini kinachoharibika, na ni nani awezaye kukilinda. Ndipo bahari ikagawanywa katika maeneo, kila eneo na vijiji vyake, na eneo la Kigombe likapewa jina la ule mji wa kale, Mtang'ata. Wanavijiji walikubali kuifunga miamba ya Kitanga na Shenguwe isivuliwe kabisa, ili samaki wapate pa kuzalia. Ulinzi wa baharini ulifanywa na wanakijiji pamoja na askari wa wanamaji katika chombo kimoja. Hilo twaliona kuwa ndilo lililokuwa jambo kubwa, kuliko fedha zote zilizotumika. Askari ana bunduki lakini hajui mwamba. Mwanakijiji aujua mwamba, na kijito, na mlio wa mashine ya kila mashua, lakini peke yake huogopa. Walipokaa katika chombo kimoja, mhalifu alipoteza lile ficho lake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 milipuko ilipungua sana, na watu wa mji ambao zamani hawakuwa wameona neno wakaanza kuona.

Hali hiyo haikudumu. Kuanzia kama mwaka 2003 milipuko ilianza kurudi. Msaada wa Ireland ulikoma mwaka 2007, na ulinzi ambao mafuta yake hulipwa na mgeni hukoma mafuta yakikoma. Zaidi ya hayo, jambo lisilotazamiwa lilitokea: katika miaka hiyo hiyo, majarife yaliyotegwa katika maji marefu mbele ya Kigombe na Mwarongo yalianza kunasa samaki wa ajabu aitwaye silikanti. Samaki huyo wataalamu walidhani amekwisha kutoweka duniani tangu mamilioni ya miaka, hata mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Nyama yake ina mafuta mengi, haifai kwa chakula. Kwa ajili yake serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 552, nyingi zikiwa ni maji. Twafurahi kwamba samaki huyo amepata hifadhi. Lakini hatuwezi kuacha kusema kwamba wavuvi walikuwa wamelia miaka 40 kwa ajili ya changu na tasi, na kilichowaletea hifadhi ni samaki asiyeliwa. Tena madaraka juu ya bahari, ambayo vijiji vilikuwa vimeanza kuyazoea, yakaingia chini ya idara yenye makao yake makuu Dar es Salaam. Na mtu hupunguza bidii ya kulinda kitu anachoambiwa kuwa si chake tena.

Baruti iliendelea. Machi na Aprili 2015 wachunguzi walisafiri kwa chombo kilometa 2,692 katika pwani yote ya Tanzania, wakiwa na chombo cha kusikilizia mishindo chini ya maji. Walihesabu milipuko 318. Ilisikika pwani nzima, kaskazini hata kusini, lakini karibu 62 kati ya kila 100 ilitokea katika eneo lisilozidi kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Hesabu hiyo ni somo kubwa. Mtu angedhani kwamba kosa hukua pale penye giza, mbali na serikali, lakini lilikutwa limesongamana mlangoni pa mji ulio mkubwa kuliko yote, penye polisi wengi na mahakama nyingi. Ni kwa sababu hapo ndipo penye soko. Maana mlinzi aliye mjini akiwa ametazama upande mwingine, kwa mvuvi ni kama hayupo.

Mwaka huo huo wa 2015 kikaundwa kikosi kilichochanganya polisi, maofisa wa uvuvi, wa misitu na wa wanyama, na waendesha mashtaka. Kikosi kikaacha desturi ya kukimbizana na mabaharia baharini, kikaanza kufuata baruti huko itokako, pamoja na wenye vyombo na wenye fedha, ambao wengi wao hawakupata kulowa maji ya chumvi. Kufikia mwaka 2018 milipuko ilikuwa imepungua sana katika pwani yote. Wavuvi wa Kigombe ni wale wale, au ni watoto wao. Mkonge uko nyuma yao, mwamba uko mbele yao, na njaa ya mwezi wa kusi haijaondoka.

Siku hizi ulinzi wa fukwe hufanywa na vikundi vya wavuvi wenyewe vilivyowekwa kwa sheria, ambavyo huandika vyombo na kuwataja wanaovunja sheria. Nguvu yao ni ndogo, na mafuta ya mashua ni ghali. Chini ya maji, katika sehemu zilizopigwa zaidi, vifusi vya matumbawe vingali vinasukumwa na mawimbi, na wavuvi wazee waweza kukuonyesha kwa kidole, kutoka juu ya ngalawa, mahali ambapo baba zao walitega dema na ambapo leo hapategwi kitu.